Farasi, mstari na viduara sita

Sudoku ya kawaida, lile fumbo la kujaza jedwali la viboksi tisa kwa tisa kwa namba 1 hadi 9 bila namba kujirudia kwenye safu ya kulala, ya kusimama wala ndani ya boksi kubwa la tatu kwa tatu, nilijifunzia gazetini, nikisubiri foleni ya benki au gari la Muheza lijae. Baada ya muda nikawa naijaza bila kufikiri, mkono unakwenda wenyewe. Kilichoniamsha ni fumbo moja la mwaka 2020 la mtungaji aitwaye Mitchell Lee. Jedwali zima la viboksi 81 lilikuwa na namba mbili tu, 1 na 2. Mwingereza Simon Anthony, ambaye hufumbua mafumbo ya namna hii mbele ya kamera, mwanzoni alidhani anataniwa. Akalimaliza. Mimi nilikuwa namtazama kwenye simu huku nakunywa chai, na chai ile ikapoa yote.

Siri ilikuwa kwenye sheria za ziada. Namba isijirudie kwa hatua ya farasi wa chesi, wala kwa hatua ya mfalme, yaani kiboksi kimoja upande wowote, hata mshazari. Viboksi vinavyopakana ubavu kwa ubavu visibebe namba zinazofuatana, kama 4 na 5. Basi. Kwa sudoku ya kawaida, Gary McGuire na wenzake wa Dublin walionyesha mwaka 2012, kwa msaada wa kompyuta, kwamba ukianza na namba pungufu ya 17 huwezi kupata fumbo lenye jibu moja tu. Hapa zilikuwa mbili. Kazi ya zile kumi na tano zilizokosekana ilibebwa na sheria.

Nikataka kutunga la kwangu. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Mchana kutwa niko na namba, na jioni nikazitaka tena, safari hii zisizo na deni la mtu.

Nilianza na sheria mbili nilizozipenda kila moja kivyake. Ya kwanza ni hiyo ya farasi: viboksi vilivyoachana kwa hatua yake, viwili mbele na kimoja pembeni, visiwe na namba moja. Ya pili ni ya mstari. Unachora mstari unaopita kwenye viboksi, kwa kunyooka au kwa mshazari, na kila viboksi viwili vinavyofuatana juu yake lazima namba zake zitofautiane kwa 5 au zaidi. Watungaji wa Ulaya huuita mnong'ono wa Kijerumani na huuchora kwa rangi ya kijani.

Sheria ya mstari ni fupi kuieleza, lakini ukiikalia ina mambo. 5 haipiti kabisa. Ukiipunguza tano unabaki na sifuri, ukiiongeza tano unafika kumi, na sudoku haina sifuri wala kumi. Zinazobaki hugawanyika makundi mawili, ndogo za 1 hadi 4 na kubwa za 6 hadi 9, nazo hupokezana kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho: ndogo, kubwa, ndogo, kubwa. 4 haina jirani inayoifaa isipokuwa 9. 6 haina isipokuwa 1. Hapo ndipo pa kushika. 4 ikikaa katikati ya mstari itadai 9 huku na 9 kule, na 9 mbili haziruhusiwi kuonana. Kuonana, kwa wafumbuaji, ni kuwa kwenye safu moja, iwe ya kulala au ya kusimama, au ndani ya boksi moja kubwa, na kwa fumbo langu pia kuachana kwa hatua ya farasi.

Jioni moja nikawa nachora mistari ovyo nyuma ya ankara iliyoharibika. Mkono ukaenda kiboksi kimoja kulia, kisha ukakata mshazari kwenda chini. Nikatazama nilikotoka na nilikofika: viwili upande, kimoja chini. Farasi! Kila mstari unapokwenda ubavu kisha ukashika mshazari, au ukaanza na mshazari kisha ukashika ubavu, bila kurudi nyuma, kiboksi cha nyuma na cha mbele vinaonana kwa hatua ya farasi. Haviwezi kubeba namba moja. Kwa hiyo kiboksi kilichopo kwenye kona ya namna hii hakiwezi kuwa 4, maana kingedai 9 mbili, wala 6, maana kingedai 1 mbili. Kona kali inayorudi nyuma nayo inatoa jibu hilohilo, kwa sababu vile viwili vya pembeni vinaangukia safu moja.

Nadhani hapo ndipo nilipoelewa ninachokitafuta. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba 4 na 6 zimekatazwa kwenye kona. Sheria ya mstari hailijui jambo hilo, ya farasi nayo hailijui. Linatokea pale zinapokutana, na anayefumbua atalikuta mwenyewe na kuliona ni lake. Tangu siku ile nikipewa sheria mpya, hata iwe ya ajabu namna gani, swali langu ni moja: ikikaa jirani na hizi nilizonazo, kutazaliwa nini?

Lakini zile mbili hazikutosha, na sababu yake ilinichukua muda kuijua. Fumbo la haki lina jibu moja tu. Zipo programu za bure kwenye intaneti ambazo unachora humo jedwali lako na zenyewe zinakuhesabia majibu. Nikachora, ikaniambia majibu ni mengi. Nikarefusha mistari, yakapungua. Nikaongeza mwingine, yakabaki mawili, na hayo mawili yakagoma kuondoka. Nikayachapisha yote, nikayalaza sambamba mezani. Palipokuwa na 1 kwenye la kwanza, pana 9 kwenye la pili. Palipo na 2, pana 8. 3 na 7, 4 na 6. 5 peke yake ilikuwa haijahama.

Kumbe ukichukua jibu lililo sahihi, kila namba ukaitoa katika kumi, unapata jedwali jingine lililo sahihi vilevile. Tofauti ya 5 inabaki kuwa 5. Farasi naye hajali namba ni ipi, anachojali ni zisifanane. Ningeweza kuchora mistari mpaka karatasi iishe weupe, pacha huyo angekuwepo tu. Programu ilikuwa inanionyesha mawili kila mara na mimi nikidhani ni uvivu wa mistari yangu. Kilichotakiwa ni kitu kinachojua kwamba 1 si 9. Namba moja iliyoandikwa tayari ingetosha, mradi isiwe 5, lakini nilitaka sheria ifanye kazi hiyo.

Sheria niliyoichagua ni ya viduara. Si yangu, watungaji wengi wameitumia. Namba iliyomo ndani ya kiduara inataja ni viduara vingapi vina namba hiyo. Ukikuta 3 kwenye kiduara, basi kuna viduara vitatu vyenye 3, visizidi visipungue. Pacha wa kutoa katika kumi hapa anakufa, kwa sababu 3 tatu zikigeuka zinakuwa 7 tatu, na 7 inataka viduara saba. Nikavipanga sita, vyote kwenye kona za mstari mmoja wa viboksi 13, kimoja kila baada ya kuruka kimoja. Kwa nini sita? Nitamwachia mzee mmoja wa mtaani aeleze, maana aliieleza vizuri kuliko mimi niliyeitunga.

Nilikuwa na sheria ya nne, ya kipimajoto: mstari wenye kitako, na namba zinapanda kutoka kwenye kitako kwenda juu. Ilikaa kwenye pembe ya chini kushoto na kujaza viboksi vyake vizuri tu. Ila ilianzia huko na kuishia huko, haikuligusa lolote lililokuwa likiendelea kwenye mstari wa kijani. Nikaifuta. Majibu yakawa zaidi ya moja tena, nikayamaliza kwa kuandika namba moja pembeni. Wapo watungaji wanaoona kuandika namba ni unyonge, kwamba fumbo la kweli lazima lianze tupu. Mimi sioni hivyo. Namba moja inayoonekana ni nyepesi kwa msomaji kuliko sheria nzima ya kukariri.

Programu ililifumbua lote kufumba na kufumbua. Ikanihakikishia kuwa jibu ni moja, lakini kuhusu utamu haikuwa na la kusema. Jambo hili lina historia. Kampuni ya Nikoli ya Japani, iliyoanza kuchapisha mchezo huu mwaka 1984, ilijijengea sifa kwa mafumbo yanayotungwa kwa mkono. Wayne Gould, jaji mstaafu wa Hong Kong aliyeufikisha kwenye gazeti la The Times la London mwaka 2004, aliandika programu ya kuyazalisha. Bila yeye huenda mimi nisingeujua mchezo wenyewe, kwa hiyo simlaumu. Lakini fumbo la mashine unaweza kulimaliza lote bila kuhisi kuwa kuna mtu alikuwa anakuwazia.

Basi likabaki la kuwapa watu. Nikapeleka steshenari kutoa kopi, na hapo nikajifunza jambo ambalo hakuna kompyuta iliyonionya: mashine ya nyeusi na nyeupe iliugeuza mstari wa kijani kuwa wa kijivu kizito, ukiandika namba kwa penseli juu yake haisomeki. Nikarudi kuupunguza unene na kuukwajua. Anayetunga kwa ajili ya watu wa karatasi afikirie mashine ya kopi kwanza.

Ngamiani, hapa hapa Tanga, tuna baraza moja inayokaa wachezaji wa bao baada ya alasiri. Mmoja wao ni mstaafu wa reli, mzee ambaye sijamwona akishika komwe kabla hajamaliza kuhesabu zitakapoangukia. Nikamwamkia, nikampa karatasi na penseli yenye kifutio. Chesi haijui, kwa hiyo farasi ikabidi nimweleze kwa miguu. Ngamiani barabara zimekatana miraba, nyingi zinaitwa kwa namba.

"Mzee, ukitoka hapa ulipokaa, songa barabara mbili mbele, kisha kata kona, barabara moja. Hapo ulipofika, namba ya hapa isiwepo."

"Kumbe farasi wako ni muuza kahawa," akasema, na wenzake wakacheka.

Akaisoma karatasi muda mrefu. Mimi nilipotunga nilidhani mtu ataanzia kwenye mstari, aone kona, aondoe 4 na 6, halafu ndipo afike kwenye viduara. Mzee hakuugusa mstari. Alihesabu viduara, akachota komwe sita kutoka kwenye shimo la bao, akazimwaga sakafuni.

"Viduara sita. Ama vyote vina sita," akazikusanya fungu moja. Kisha akazitenga. "Ama kimoja kina moja, na vitano vina tano. Ama viwili vya mbili, vinne vya nne. Ama moja, na mbili, na tatu." Akazipanga upya mara ya pili kuhakikisha. "Hakuna njia nyingine. Namba zikiwa tofauti na jumla ni sita, njia ni nne tu."

Ndivyo ilivyo. Akanikumbusha kuwa nimesema 5 haipiti kwenye mstari, akaifuta njia ya moja na tano. Zikabaki tatu, penseli ikasimama.

Kukaa kimya wakati mtu amekwama kwenye fumbo ulilolitunga wewe ni adhabu. Kidole kinawasha kuonyesha. Lakini ukishamwonyesha, umepoteza kile ulichomwitia, yaani kujua ni wapi hasa macho yake hayafiki. Nikaagiza kahawa na kashata, nikajifanya natazama bao la wenzake. Mzee akarudi kwenye mstari, akaweka alama ya ndogo na kubwa kwa kubahatisha, akafuta, akabadilisha. Lililomzuia ni kona. Sheria zote tatu alikuwa nazo mkononi, ila hakuwa na sababu ya kuziangalia zikiwa mahali pamoja.

Binti wa dada yangu alikuwa amenifuata kuchukua ufunguo wa nyumba. Yuko kidato cha tatu na chesi anacheza shuleni. Akainama juu ya bega la mzee.

"Shikamoo babu. Hapa nne haikai."

"Marahaba mjukuu wangu. Kwa nini haikai?"

"Itataka tisa huku na tisa huku, na hivi viwili ni farasi."

Mzee akafuatisha kwa kidole, mbili mbele, moja pembeni. Hakusema kitu. Akafuta njia ya mbili na nne. Kisha, bila kuambiwa, akafuta na ile ya sita zote: "Nayo itataka moja mbili." Akatazama kilichobaki. Kiduara kimoja kina 1, viwili vina 2, vitatu vina 3.

"Basi viduara vyote ni vidogo," akasema. "Na vinavyokaa katikati yake ni vikubwa. Mstari mzima." Akacheka peke yake. Hakuwa ameandika namba hata moja, na alikuwa anajua viboksi 13 vyote viko upande gani. Muda si mrefu akaongeza kuwa 3 jirani zake lazima ziwe 8 na 9, kwa sababu ya kona hiyohiyo, na penseli ikaanza kutembea.

Ile njia yake, ya kutokea kwenye viduara kwenda mstarini, nimekuja kuipenda kuliko yangu. Lakini kile kituo kwenye kona kilikuwa kirefu mno kwa mtu asiye na mpwa wa kidato cha tatu pembeni. Sikuandika maelezo zaidi kwenye sheria. Niliongeza mstari mwingine mfupi wa viboksi vitatu, wenye kona moja, katikati ya jedwali ambako hakuna kitu kingine cha kutazama. Jicho likipumzika huko linakutana na jambo moja tu la kuliwazia. Niliowapa karatasi ile mpya waligundua kona hapo kwanza, halafu wakaibeba mpaka kwenye mstari mrefu.

Maneno ya sheria nayo yalihitaji mkono. Sheria ya viduara wengine waliisoma kana kwamba inahesabu viduara vya kwenye safu moja. Nikaongeza neno "katika jedwali lote" na mfano mmoja wa 2. Ikaisha.

Mzee aliniuliza nani aliubuni mchezo huu. Nikamwambia ni Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa Marekani, mwaka 1979, akiwa na miaka 74, na kwamba alifariki mwaka 1989 kabla dunia haijaushika. Mzee alifurahi kusikia kuwa ni kazi ya mstaafu. Nikamsimulia na ile sheria ya kipimajoto niliyoifuta. Akanijibu kwa bao, kama kawaida yake. Nyumba, lile shimo la pekee la kila mchezaji, ina sheria zake peke yake, akasema, na mtoto anayejifunza huona ni usumbufu. Lakini nyumba inagusa namna ya kunamua, yaani kuingiza komwe mwanzoni mwa mchezo, inagusa kutakata, yaani kucheza bila kula, inagusa kula. "Ingekuwa shimo lililokaa tu, wazee wangeshaliacha."

Sasa anadai la pili, na anataka viduara tisa, kwa sababu vile sita vilimwisha haraka. Nimekaa navyo. Kwenye kona ninaruhusiwa 1, 2, 3, 7, 8 na 9. Jumla ya tisa inapatikana kwa 9 peke yake, kwa 1 na 8, au kwa 2 na 7. Nikivipanga vyote tisa kwenye upande mmoja wa mapokezano, kama nilivyofanya mara ya kwanza, basi haviwezi kuchanganya ndogo na kubwa, vyote vinakuwa 9, na 9 zote za jedwali zimejianika hata kabla hajanoa penseli. Nikikihamishia kimoja upande wa pili, jibu linakuwa 1 moja na 8 nane, ambalo si bora sana. Viwili upande huu na saba upande ule, ndipo panapoanza kuvutia: 2 mbili, 7 saba, na kila 7 iliyo kwenye kona inadai 1 ubavu mmoja na 2 ubavu wa pili. Saba hizo zote zinataka kulishwa na mstari mmoja bila kuonana. Bado sijapata umbo la mstari unaotosha. Binti wa dada yangu anasema nijaribu miwili inayokatana, na nimeshaanza kuichora.